Nesi na Nyuki kwenye Ukuta wa Lupemba

"Kwa mamlaka iliyopewa Tume ya Kuta za Uchaguzi, inatangazwa rasmi kwa wakazi wote, wake kwa waume, wazee kwa vijana, kwamba Ukuta wa Kata ya Lupemba umefunguliwa masikio leo saa nne asubuhi, na kwamba kwa siku arobaini zijazo kila mwenye ulimi na utamaduni anaalikwa kuja kuuhadithia, kwa staha, kwa utulivu na kwa mapenzi ya taifa."

Tangazo hilo zito lilisomwa kwenye kipaza sauti mara tatu, kama sheria inavyotaka. Liliposomwa mara ya tatu, ukuta ulikuwa umeshaanza kuchora pembe mbili za mbuzi. Hakuna aliyemwalika mbuzi. Alikuwa amefungwa nyuma ya ghala akisubiri kuchinjwa kwa ajili ya sherehe ya uzinduzi, na inaelekea alikuwa na mengi ya kusema.

Kalunde Mihayo, kidato cha tatu, Shule ya Wasichana Mtakuja, kitanda cha juu karibu na dirisha lililovunjika, alicheka kabla ya wenzake. Mwalimu wa zamu akamkata jicho. Kalunde akavaa uso wa msibani, uso alioufanyia mazoezi kwa miaka mitatu na ambao haujawahi kumdanganya mwalimu yeyote.

Ukuta wenyewe ulikuwa ubavu wa ghala la zamani la tumbaku, mita thelathini kwa urefu, uliopakwa rangi sikivu kutoka juu hadi chini. Mabango ya wagombea yalikuwa yamepigwa marufuku nchi nzima tangu uchaguzi ule ambao watu walichomeana nyumba kwa sababu ya picha iliyochanwa. Badala ya mabango elfu, kila kata ilipewa ukuta mmoja. Watu wanausimulia ngoma zao, mavuno yao na mababu zao, nao unachora. Wagombea wanabaki na midomo yao mikutanoni. Sura zao haziruhusiwi ukutani hata kwa bahati mbaya.

"Chembe za rangi hii ni ndogo kuliko unga uliochekechwa mara mbili," Fundi Leokadia aliwaambia wanafunzi. Alikuwa mchoraji kutoka Bukoba, mwenye rangi mpaka viwikoni, na alijibu kila swali kama mtu aliyeulizwa mara kumi, kwa sababu alikuwa ameulizwa mara kumi. "Kila chembe ina sikio lake. Ukisema, zinasogea. Zikisikia watu wanacheka pamoja mbele ya picha, zinanenepa, na picha inakua haraka na kung'aa. Waliozitengeneza waliamua kwamba pale watu wanapocheka pamoja ndipo utamaduni ulipo."

"Na wakilia?" Kalunde aliuliza.

"Zinasinyaa. Swali lingine? Lisiwe lako."

"Ukuta unahifadhi jina la aliyesema?" akauliza Kalunde huyo huyo.

"Hauhifadhi jina wala sauti. Mtu anasimama, anasema, anaondoka. Siku watu wakijua nani kasema nini, hakuna atakayesema kitu. Picha inaanza kichwani inashuka taratibu, siku nane mpaka kwenye kucha. Sasa nani wa kwanza? Kabla hujasema nakusomea kanuni. Ni tatu tu, na ya kwanza ni kutomtaja mgombea."

Mwalimu alikuwa ametayarisha karatasi kwa kila mwanafunzi, asije mtu akaja na utamaduni wake mwenyewe. Kalunde alipewa "Historia ya Ufugaji Nyuki katika Kata Yetu, kwa sentensi tano." Aliisoma karatasi ile kwa huzuni iliyostahili. Fundi akamsomea kanuni tatu. Kalunde akajibu kwamba amesikia. Kisha akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa rangi, na wenzake watano wakajibana nyuma yake.

"Kwa heshima na taadhima," aliuambia ukuta, kwa sauti ya mkuu wa wilaya anayefungua choo, "historia ya ufugaji nyuki katika kata yetu inaanza siku Nesi Zarafi aliposhuka kwenye treni kutoka pwani."

Nesi Zarafi Pazi alikuwa Mzaramo pekee Lupemba. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo kwa miaka thelathini kata nzima ilikuwa ikimtukana kila asubuhi, naye akiwarudishia wote bila kumruka mtu. Watoto wa Lupemba walijifunza kumtania Nesi kabla ya kujifunza kuhesabu. Aliwapokea wakizaliwa, akawachoma sindano, na wakipona walimwita mla nazi.

Kwa hiyo Kalunde aliusimulia ukuta jinsi Nesi alivyotembea kutoka stesheni siku ile ya kwanza, akainua macho, akaona mzinga wa gogo umetundikwa juu ya mninga. Kwao pwani, gogo lenye uwazi ndani lina kazi moja tu duniani. Nesi akapanda mti, akakaa vizuri, akakunja mikono ya gauni lake jeupe, akaanza kupiga ngoma. Nyuki wakatoka kuja kucheza. Kalunde akaongeza madoido ambayo hata babu yake, mwenye kisa hicho, hakuwahi kuyaongeza. Nyuma yake wasichana watano walikuwa wamekaa chini, hawana nguvu za kusimama.

Nesi alikuwa amechukua fomu ya kugombea udiwani Jumatatu ya wiki ile.

*

Siku ya tano picha ilifika kiunoni. Ilikuwa katikati kabisa ya ukuta, kubwa kuliko mavuno, kubwa kuliko mababu. Nesi Zarafi, mashavu yake, mwanya wake na kilemba chake, akitwanga gogo kwa mikono miwili, na kuzunguka kichwa chake vitone elfu vya rangi ya dhahabu. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kuitazama. Walifika wakiwa na adabu, wakatazama, wakaanguka kwa kicheko, na chembe zikazidi kunenepa.

Siku hiyo hiyo akafika Afisa Ambokile wa Tume. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na tabia ya kuandika kila neno isipokuwa lile lililohitajika.

"Huyu ni nani?"

"Nesi!" umati ukajibu kwa furaha, maana hakuna afisa aliyewahi kuwauliza kitu rahisi namna ile.

"Nesi Zarafi Pazi? Mgombea?"

Furaha ikapungua.

"Ana mwanga wa dhahabu kichwani."

"Nyuki hao, baba," akasema mama mmoja.

"Anapiga ngoma ya ushindi."

"Mzinga wa nyuki huo! Alidhani ngoma. Yaani huyu mla nazi, alivyokuja kutoka kwao..."

"Mnampenda?"

Mama akashangaa. "Sasa tusimpende kwa nini?"

Ambokile akaandika: *mwanga, ngoma ya ushindi, anapendwa.* Akazungushia ukuta utepe mwekundu, akasoma kifungu kwa sauti. Mgombea ambaye sura yake iko ukutani anahesabiwa amefanya kampeni haramu, na jina lake linafutwa baada ya siku nne. Isipokuwa aliyesema ajitokeze mwenyewe na kukiri. Hapo mgombea anabaki, na aliyesema anafungiwa sauti miaka mitano.

Kalunde alisikia maneno hayo akiwa nyuma ya umati na kikombe cha uji mkononi. Uji ukapoa.

Kufungiwa sauti halikuwa jambo la mzaha, hata kwa mtu aliyefanya mzaha na mambo yote mengine. Siku hizo mabomba ya maji yalifunguka kwa sauti. Maktaba ilifunguka kwa sauti. Mtihani wa kidato cha nne ulijibiwa kwa mdomo mbele ya mashine iliyokutambua kwa koo lako. Aliyefungiwa hakuwa bubu kwa binadamu. Alikuwa bubu kwa kila kitu kingine, na mtihani wa Kalunde ulikuwa mwaka unaofuata.

Kwa upande wa pili, Nesi akifutwa, angebaki mgombea mmoja tu, bwana ambaye ahadi yake kuu ilikuwa kuihamishia zahanati mjini, kilomita arobaini, "kwa ajili ya ufanisi." Lupemba hapakuwa na mtu aliyejua ufanisi ni ugonjwa gani, ila walijua kilomita arobaini.

*

Kesho yake Kalunde aliomba ruhusa kwamba jino linamuuma.

"Jino gani?" Nesi Zarafi aliuliza, akivaa glavu.

"Yote."

"Yote? Ninyi wapagazi mmebebeshwa mizigo kichwani mpaka hesabu zimewatoka. Panua mdomo."

"Afadhali mzigo kichwani kuliko maji ya nazi," Kalunde alisema, mdomo wazi.

"Maji ya nazi yana akili kuliko baba yako. Funga." Nesi akavua glavu, akazitupa. Hakuwa amezitumia. Nje ya dirisha foleni ya akina mama wenye watoto mgongoni ilikuwa imezunguka jengo. "Hakuna jino bovu humo. Sema kilichokuleta, nina watu."

"Nesi, kwa nini usiwaambie tu kwamba ni utani?"

"Nimewaambia. Wakaniuliza, utani wa nani? Nikasema wa Wanyamwezi. Wakasema Wanyamwezi ni wengi, tutajie mmoja."

"Ukawatajia?"

Nesi alimtazama kwa jicho lile analomtazamia mtoto anayeapa kwamba amemeza kidonge.

"Mama yangu alipofariki," alisema, "babu yako alikuja msibani, akalala kwenye mkeka wangu mimi mfiwa, akafunga macho, akasema yeye ndiye marehemu na hafufuki mpaka nimpikie wali. Nilicheka, Kalunde. Siku ya msiba wa mama yangu nilicheka mpaka nikapata nguvu ya kulia vizuri. Leo niende kwa yule mwenye kalamu mbili nikashitaki mtu kwa kunitania? Nitatazama wapi nikipita Lupemba? Tena nikifa mimi, nani atakuja kufanya fujo?"

"Lakini watakufuta."

"Watanifuta."

"Na zahanati?"

Nesi akapiga meza kwa kiganja, na mkasi ukaruka kwenye sahani yake. "Unadhani sijui? Unadhani nalala? Miaka thelathini nimeomba bati, nimeomba jokofu la chanjo, nimeandika barua mpaka karani wa wilaya anaujua mwandiko wangu kuliko wa mkewe. Nikasema basi, nigombee, niende mwenyewe kwenye kile kikao. Sasa natolewa na nyuki wa kuchora! Sina wa kumkasirikia. Ningekuwa naye, ningepumzika."

Hapo ndipo pa kusema. Kalunde alipaona mahali hapo wazi kabisa, kama kiti kilichovutwa ili akae. Alifungua mdomo.

"Jino limepona," alisema.

"Najua," Nesi akajibu, na kumwita mgonjwa mwingine.

*

Kalunde hakuwa mwoga wa kazi. Kama kulikuwa na njia ya kumwokoa Nesi bila kupoteza koo lake, angeifanyia kazi usiku na mchana, na aliamini ameipata. Picha hunenepa kwa kicheko na kusinyaa kwa kilio. Basi ukuta ulizwe.

Jumanne saa tisa alasiri wasichana ishirini wa kidato cha tatu walitoka kwenye lango la shule kwa ruhusa ya kwenda kuchota maji, wakiwa na kanga vichwani na vitunguu viwili kila mmoja. Walijipanga mbele ya utepe mwekundu. Kalunde akainua mkono kwa uzito wa askofu, akashusha, na kilio kikaanza.

Kwa dakika mbili ilifanya kazi. Nyuki wa pembeni walianza kufifia. Fundi Leokadia, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akisubiri kuambiwa lini kazi yake ya mwezi mzima itaoshwa, alisimama.

Kisha akapita bibi mmoja na mzigo wa kuni. "Nani kafa?"

"Nesi!" msichana mmoja akalia. "Nesi wa ukutani!"

Bibi alitazama wasichana, akatazama vitunguu, akatazama yule mwanamke mkubwa anayetwanga mzinga wa nyuki huku akiombolezewa na shule nzima. Akashusha kuni chini polepole, ili acheke bila kuumia. Waliokuwa dukani wakaja kuona bibi anacheka nini. Waliokuwa shambani wakaja kuona wa dukani. Ndani ya nusu saa kata yote ilikuwa pale, na baadhi yao waliingia msibani kwa hiari, wakijigaragaza na kudai sahani za wali. Wasichana nao wakashindwa, mmoja baada ya mwingine, vitunguu vikiwa bado mkononi. Rangi ilikuwa haijawahi kulishwa namna ile. Picha iliteremka kutoka kiunoni mpaka magotini mbele ya macho yao, na nyuki wakawaka hata wakaonekana kutoka barabara kuu.

"Acheni!" Kalunde alipiga kelele. "Acheni kucheka, jamani, si mzaha!"

Walimcheka zaidi, maana alikuwa amevaa uso wa msibani, na hakuna mtu Lupemba aliyewahi kuuamini.

Fundi Leokadia alikuja na turubai na kamba, akaanza kuufunika ukuta peke yake. "Shika huku," alimwambia Kalunde. Wakafunga pamoja. Alipokaza fundo la mwisho alisema, bila kumtazama, "Kuta kumi na moja nimefanya. Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Kesho kutwa naiosha kwa magadi, kwa mikono yangu."

*

Kikao cha Tume kilifanyika Alhamisi kwenye ukumbi wa kata. Ambokile alikaa mezani, mbele yake picha ya ukuta iliyopigwa Jumanne kabla ya turubai na mashine ndogo nyeusi ya kurekodi. Nesi Zarafi alikaa kiti cha mbele na sare yake. Fundi Leokadia alisimama mlangoni. Wanafunzi waliletwa na mwalimu ili wajifunze demokrasia.

"Mnadhani mimi sijui utani," Ambokile alisema, akipangusa miwani. Alionekana mtu aliyechoka. "Ninao watani. Kwenye harusi yangu walimficha bibi harusi saa tatu. Lakini sheria haina mtani. Kilichoko hapa ni sura ya mgombea, inang'aa, na watu wanaishangilia. Nikiiacha hii kwa sababu ni utani, kesho kila mgombea atakuwa na watani. Niambieni mnavyotaka niandike."

Akachomoa kalamu moja mfukoni.

"Siku nne zimeisha. Nesi, una neno?"

"Sina," Nesi alisema.

Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Kalunde aliona mkono ukiandika herufi ya kwanza, Z. Kilichompanda hakikuwa toba bado. Zilikuwa hasira tu, za kuona watu wazima wote wale, wenye akili zao, wakifanya kosa lililo wazi mbele ya macho yake. Akasimama.

"Afisa, naomba kutetea kwa niaba ya utamaduni," alisema kwa ile sauti ya mkuu wa wilaya. Mwalimu akafunika uso. "Tufikiri pamoja. Kampeni ni kumtukuza mtu. Hapa Nesi ametukuzwa wapi? Amepanda mti kama tumbili. Ameumwa na nyuki. Hajui mzinga wala ngoma. Mgombea gani mwenye akili timamu ataomba kura akiwa amevaa kiatu kimoja, kingine amewatupia nyuki?"

Watu wachache walianza kucheka, kisha wakaacha.

Ambokile alivuta picha karibu na miwani. "Kiatu gani?" aliuliza.

Ambokile akageukia mlangoni.

"Fundi, picha imefika wapi?"

"Magotini," Fundi Leokadia alijibu kutoka mlangoni, sauti yake chini. "Tangu nifunike haijasogea, miguu haijatoka. Hakuna mtu anayejua miguu ikoje."

"Kisa hicho tunakijua wote," sauti moja ikasema nyuma, ya mzee mwenye kofia. "Ila kiatu hakimo. Mimi sijawahi kusikia kiatu."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Kalunde. Nesi Zarafi hakugeuka. Alikuwa amefumba macho.

"Kaa chini, mpagazi we," alisema Nesi, akiwa amefumba hivyo hivyo. "Nimekwambia kaa! Miaka mitano mizima utaliambia nini bomba la maji? Utalinong'oneza?"

"Nesi, tafadhali," Ambokile alisema. Aliweka kalamu. Alipomgeukia Kalunde, uso wake haukuwa wa afisa tena, ulikuwa wa mtu mwenye watoto nyumbani. "Binti, sikiliza kabla hujajibu. Kama hukujua kuwa ni mgombea, au hukusomewa kanuni, kosa si lako. Ni la mwenye ukuta. Atanyang'anywa leseni, wewe utarudi darasani. Ulisomewa?"

Fundi Leokadia alikuwa bado mlangoni. Alikuwa akikwangua rangi kwenye kiwiko kwa ukucha, kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni yoyote ile.

Kalunde alitafuta sauti ya kutumia. Alikuwa nazo nyingi, ya mkuu wa wilaya, ya askofu, ya matroni, ya babu yake akiwa amekufa kwenye mkeka wa watu. Akazipitia zote, hakuna iliyofaa.

"Nilisomewa," alisema. "Zote tatu. Akaniuliza kama nimesikia, nikasema nimesikia, na nilikuwa nimesikia. Nilijua Nesi anagombea. Nilijua tangu Jumatatu ile. Nilitaka wenzangu wacheke, basi. Halafu nilipoona wanamfuta nikakaa kimya siku nne, nikaenda kwake nikamwambia jino linaniuma, na halikuwa linauma. Kile kilio cha vitunguu kilikuwa changu pia. Nilitaka apone bila mimi kuumia. Babu hahusiki. Kiatu nilitunga mwenyewe."

Nesi alifumbua macho, akamtazama.

Ambokile aliisogeza ile mashine nyeusi mpaka ukingoni mwa meza, ikamwelekea Kalunde. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka.

"Jina kamili," alisema, "kisha urudie yote. Polepole, ikushike vizuri."

"Kalunde Mihayo," alisema Kalunde. Akarudia polepole, neno kwa neno, ili mashine iijue barabara sauti itakayoikataa.